Hongera Nilizopewa Msibani

Kwenye msiba wa Mwalimu Theophil, watu walinipa hongera.

Sio pole. Hongera.

Nimekaa chini ya turubai pale Maisaka, nyumbani kwa marehemu, jirani yetu Mama Vailet akaniinamia sikioni.

"Elieza mwanangu, sasa kiti ni chako. Hongera baba, ila usicheke hapa."

Ngoja nieleze vizuri.

Nina shahada ya uzamili ya sosholojia. Nilisota nayo mtaani mpaka nikazoea, nikiishi kwa mama yangu kijijini Singe, nalima mahindi, vyeti viko kabatini.

Ndipo tawi la chuo kikuu kimoja hapa Babati mjini likanichukua nimshikie Mwalimu Theophil, aliyekuwa anaumwa. Mhadhiri wa muda. Vipindi vichache kwa wiki, mkataba wa muhula mmoja mmoja, mpaka mwenyewe apone.

Wanafunzi wakaniita Dokta, na udokta wenyewe sina. Mama akaanza kuniita "mwalimu" mbele za watu. Nikajua nimetoboa.

Tatizo lilikuwa Theophil. Kila muhula ukikaribia kuanza, huyo hapo ofisini na koti lake la kijivu, anatabasamu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vijana wanaelewa?"

"Wanaelewa."

Anaingia kwa mkuu wa idara, na mimi huku nje namsikia: "Muhula ujao narudi."

Huyu mzee si apumzike tu kwake? Halafu harudi, napewa muhula mwingine, na presha inaanza upya.

Sasa amefariki.

Baada ya mazishi nikachomekea shati, nikaenda kwa mkuu wa idara. Moyoni nilishajiajiri.

"Kaa, Elieza," alisema. "Wewe ulikuwa unamshikia mtu. Mtu hayupo tena, na makao makuu wamefuta nafasi yake. Wanafunzi wa sosholojia watasoma kwa mtandao."

"Kwa hiyo mimi?"

"Pole sana, ndugu yangu."

Hapo ndipo pole nikaipata.

Sikuweza kwenda Singe kumtazama mama usoni. Nikapitia Maisaka kwa mjane, Mama Jovita, nikamweleza. Akajifuta macho kwa kitenge.

"Basi alichokiogopa kimetokea."

"Kipi, mama?"

"Madaktari walishamwambia hatasimama tena darasani. Nikamwambia, baba Jovita, acha kazi upumzike. Akasema, 'Nikitoka wanafuta nafasi, yule kijana ataenda wapi?' Kila muhula namvalisha lile koti, tunampakia kwenye bajaji, anakwenda kuwaambia anarudi. Akirudi hapa analala wiki nzima, hata kuongea hawezi."

Nililia pale kuliko nilivyolia msibani.

Leo niko Singe na jembe langu. Mama siku hizi ananiita Elieza tu, na hanitazami sana akiniita. Maombi ya kazi nimetuma mpaka nimechoka. Majibu hakuna, na ukweli ni kwamba sioni dalili.

Somo langu ni hili. Mtu unayemuona amekuzibia njia, mchunguze vizuri kabla hujamchukia. Wa kwangu ndiye aliyekuwa ameushikilia mlango usifungwe, na muda wote aliokuwa kitandani, sikwenda hata siku moja kumjulia hali.