Kipepeo wa Mikia Minne na Mtani Wetu

Mume wangu aliwahi kumwona kipepeo mmoja katika ujana wake, akamkosa, na miaka yote ya ndoa yetu hakuacha kunisimulia habari zake. Wakati huo alikuwa mbeba nyavu wa mtafiti mgeni aliyekuja kwenye msitu wa vilima vya kwao, ndani huko ukishaipita Kiranjeranje. Kipepeo mwenyewe, kwa maelezo yake, ni mkubwa, mweusi, ana utepe wa buluu kwenye mabawa na mikia minne myembamba, miwili kila upande. Alizunguka juu ya vilele vya miti, akawatazama wale wanaume na nyavu zao, akaenda zake. Mtafiti alikaribia kulia. Hadithi hiyo nimeisikia nikiwa mjamzito, nimeisikia nikinyonyesha, nimeisikia nikitetemeka kwa malaria. Nilikuwa nikimwambia, bwana wee, huyo kipepeo wako ana bahati hakuolewa nawe.

Kisha akapata kiharusi, na hadithi ikakoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa naipenda.

Alikuwa dereva wa malori ya korosho. Akifika njia panda ya Mingoyo, hapo tunapoishi, sauti yake naisikia kabla ya honi. Baada ya kiharusi mkono ulirudi, maneno yakarudi taratibu, ila mguu wa kulia ukabaki unaburutwa. Hospitali walituambia waziwazi: atembee, kila siku aongeze kidogo, mguu usipotumika utajisahau. Nikamnunulia fimbo nzuri yenye kishikio cha mpingo. Akaiegemeza ukutani, akakaa.

Si mguu uliomfungia ndani. Ni watu. Kila aliyemwona alipunguza sauti, akainamisha kichwa upande, akasema pole sana, Mwenyezi Mungu atakufanyia wepesi. Watu wetu wana huruma na siwalaumu, lakini huruma ile ilikuwa nzito kuliko mguu wenyewe. Aliacha kukaa barazani. Akaacha kwenda msikitini hata Ijumaa. Wageni wakija, ananiagiza niseme amelala, nami nasimama mlangoni nikidanganya watu wazima mchana kweupe. Niliogopa. Niliogopa kwamba atakaa katika chumba kile mpaka siku ya kutolewa amebebwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na subira yangu yote naimaliza darasani. Nikifika nyumbani sina tena. Nilibembeleza, nikagomba, nikanuna. Likizo ya Desemba ilipofika, kwa kukata tamaa tu nikamwambia, "Twende kwenu tukamtafute yule kipepeo wako." Akauliza, "Porini hakuna watu?" Nikasema hakuna. Akakubali.

Kwao kuna nyumba ya wazazi anayokaa dada yake, wifi yangu, mjane mcha Mungu anayefuga kuku na kusali sala zake kwa wakati. Tulishuka Kiranjeranje, pikipiki mbili zikatufikisha, na jioni ile ile mume wangu akaanza kunifundisha kazi. Nilidhani kipepeo mzuri hivyo ataishi kwa maua. Alinicheka, mara ya kwanza tangu augue. Wale wa namna ile, alisema, maua hawana haja nayo. Wanataka tunda lililooza, wanataka mavi, wanataka hata jasho la mtu. Uzuri wote ule, kumbe mlevi.

Basi nikaokota mabibo ya mwisho wa msimu chini ya mikorosho, nikayaponda na ndizi zilizoiva kupita kiasi, nikajaza ndoo kuukuu ya rangi, nikafunika kwa kanga na kuiacha nyuma ya jiko ichachuke. Chandarua kilichotoboka nilikishona kikawa kama mfuko mrefu unaoning'inia, mdomo wazi chini, na sahani ya chambo ikining'inia hapo mdomoni. Kipepeo akishashiba huruka kwenda juu, kushuka hajui, basi umempata. Ilikuwa kazi safi. Kilichonishinda ni harufu. Pombe ya mabibo, ile tunayoiita uraka, hunuka hivyo hivyo, na kijiji kizima kikajua. Jioni moja wanaume wawili walisimama uani wakiwa na vikombe vyao, wakapiga hodi kwa adabu zote, wakauliza kama imeshakuwa tayari. Wifi yangu, aliyeishi maisha yake yote bila tone la pombe kuingia uani kwake, alifunika uso kwa mtandio.

"Wifi," aliniambia, "watu wataniona nimepotea uzeeni."

"Waambie ni ya vipepeo."

"Nani ataamini hilo?"

Hakuna aliyeamini. Na habari ile ndiyo iliyomleta mtani wetu.

Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu zama za mababu. Utani naujua, kwetu Nyanda za Juu upo pia. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kuchukua kuku wako, kukucheka msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe. Haya yote nilikuwa nayajua. Lakini tangu mume wangu augue, watani wetu wote wa Mingoyo na Lindi walikuwa wamefyata ulimi. Ugonjwa uliwatisha, wakageuka watu wa pole kama wengine.

Huyu wa kijijini alikuwa mtu mwembamba, rika la mume wangu, mwenye kofia iliyokunjamana. Aliingia uani bila hodi. Mume wangu alikuwa anatoka chooni, hajui kama kuna mtu, anavuta mguu kwa taabu na fimbo yake. Yule bwana akaokota bua la mtama, akalifanya fimbo, akamfuata nyuma. Akaburuta mguu. Akakunja mdomo upande. Akahema kama mgonjwa, hatua kwa hatua, mpaka uani katikati.

Moto uliniwaka. Nilikuwa nimeshika mwiko wa ugali, na kwa haki ya Mungu nilikuwa namwendea nao. Wifi akanidaka mkono. "Weka chini," alininong'oneza. "Huyu ni mtani."

Mume wangu akageuka. Aliona kila kitu: bua la mtama, mdomo uliokunjwa, mguu uliobaki nyuma ukisubiri kuburutwa. Nikajua tumekwisha, kesho tunarudi Mingoyo kufunga dirisha.

"Unakosea," alisema mume wangu. "Mguu ni wa kulia."

Yule bwana akautazama mguu wake wa kushoto aliokuwa anauburuta, akautazama wa kulia, akapiga paji la uso. "Masikini! Nimekuja mbio zote hizi kumcheka mtu mguu usio wake."

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilikaa juu ya kinu, mwiko mkononi, nikalia kama mtoto.

Asubuhi iliyofuata ndoo ya mabibo haikuwapo. Kabla sijaanza kumtuhumu mtu, sauti ikaja kutoka kwenye mikorosho ya jirani: "Ndoo yenu ya pombe ninayo mimi! Mwenye nayo aje mwenyewe. Shemeji asije, nyie wake wa mtani mna mikono mirefu!"

Nilivaa kandambili zangu tayari kwenda. Mume wangu akasema, "Kaa." Akachukua fimbo. Mikorosho ile haikuwa mbali, mimi ningefika na kurudi kabla chai haijapoa; yeye alirudi jua limeshapanda, shati limelowa, ndoo imening'inia kwenye mkono uliopona. Alikuwa anamtukana mtani wake kwa Kimwera, matusi ambayo sikuwahi kuyasikia katika ndoa yetu yote. Sauti ilikuwa ile ya njia panda.

Siku nyingine ndoo ilikutwa imetundikwa kwenye mti karibu na kijito. Siku nyingine ng'ambo ya kijito. Mimi nilikuwa natokota. Nilimwambia wifi kwamba yule bwana hana utu, anamsumbua mgonjwa, na siku moja mume wangu ataanguka huko nyasini. Wifi akaendelea kuchambua mchicha wake. "Ameanguka leo," alisema, "hakukwambia? Mtani wake alimkalia pembeni akamcheka mpaka akainuka."

Na watu, wale aliokuwa anawakimbia, sasa walikuwa njia nzima. Habari ya ndoo ilikuwa imeenea. Walimwona anapita, wakamwuliza leo pombe imelala wapi. Naye anawajibu, anasimama, anakaa kwenye kizingiti cha mtu akinywa uji wake. Hakuna aliyesema pole. Mtani alikuwa ameshamcheka kwa niaba ya wote, basi na wengine wakaona hakuna kilichoharibika, wakazungumza naye kwa sauti zao za kawaida. Ijumaa akaomba nimpigie pasi kanzu. Nilipiga pasi ile kwa haraka, nikaunguza kidogo upindo wa chini, naye akaivaa hivyo hivyo.

Vipepeo walikuja kwenye chandarua, wengi tu: wa kahawia, wa rangi ya chungwa, mmoja mweupe aliyelewa akashindwa kukunja mabawa. Tuliwatazama, tukawaachia. Mwenye mikia minne hakuonekana.

Likizo ilipokuwa inaishia, ndoo ilitundikwa ukingoni mwa msitu wenyewe. Safari hiyo nilikataa kubaki. Tulikwenda wawili, polepole, tukipumzika chini ya kila kivuli. Mtani alikuwa ameketi huko kwenye gogo, anatusubiri kama mwenye nyumba. Mume wangu alikuwa hoi. Akachomeka fimbo yake kwenye udongo laini, akajitupa kwenye gogo, akaanza kufuta uso kwa kofia yake. Mtani alifungua kinywa amtupie neno.

Kipepeo akashuka. Hakuiangalia ndoo yetu na mabibo yote niliyoyaponda. Alitua juu ya kishikio cha fimbo, pale palipolowa jasho la mume wangu tangu nyumbani, akakunjua ulimi wake mwembamba, akaanza kunywa. Mweusi, mkubwa, utepe wa buluu ukiwaka kila alipofungua mabawa. Nilihesabu mikia. Ilikuwa minne.

Chandarua tulikuwa tumekiacha nyumbani. Hakuna aliyekitaja. Mume wangu aliinuka kwa kushika bega la mtani wake, akasogea karibu, akainama, uso wake na mabawa yale vikakaribia kugusana. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Nilisema Alhamdulillahi kimoyomoyo, mimi niliyelelewa Mkatoliki, maana lilikuja hilo.

Mtani ndiye aliyesema kwanza. "Ndiye huyu tu? Kwa makelele yako ya miaka yote, nilidhani analingana na kunguru."

Kipepeo alikunywa kwa raha zake, akaruka, akapotea juu ya miti. Siku ya kuondoka nilimpelekea mtani kuku kwa mkono wangu, nikamwambia asante kwa yale ya ndoo. Akanitolea macho. "Asante ya nini, shemeji? Mimi nilikuwa nataka mabibo." Nilimbana sana. Hakukubali, hata kwa kukonyeza jicho.

Mwaka huu, wakati wa kupalilia ufuta, mtani wetu alifariki. Homa fupi tu. Tulipopigiwa simu, mume wangu alivaa, na usiku ule ule tukapata gari.

Uwanja wa nyumba ya marehemu ulijaa watu kuliko nilivyowahi kuona kijijini pale. Kwa mila ya kule, mtani ana kazi msibani: kumfanyia marehemu mzaha wake wa mwisho, wafiwa wapate kupumua. Mtani wa marehemu alikuwa mume wangu. Jeneza lilipoinuliwa, alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa ile kofia iliyokunjamana. Mkono mmoja ndoo ya rangi, mkono mwingine bua la mtama. Fimbo ya mpingo ameiacha kwa wifi. Akawazuia wabebaji njia, akaanza kutembea mbele ya watu wote wale.

Alikunja mdomo upande. Alihema. Alikuwa anamwiga marehemu akimwiga yeye, na kila mtu pale alijua. Mjane wa marehemu, aliyekuwa amelala mapajani mwa wenzake, aliinua kichwa, akatazama, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio.

Na mguu aliokuwa anauburuta mume wangu ulikuwa wa kushoto. Lile lile kosa la siku ya kwanza. Alikuwa anaburuta mguu wake mzima, na ili auburute ilimbidi uzito wote auweke juu ya ule mgonjwa. Niliukazia macho. Ulitetemeka, ukasimama, ukatetemeka tena, ukasimama.

Nilitaka kumshukuru yule aliyelala jenezani, sikujua ningemfikia vipi. Basi nikapaza sauti yangu yote ya darasani, juu ya vichwa vya wanawake wenzangu, huku machozi yananiingia mdomoni:

"Unakosea! Mguu ni wa kulia!"