Diski ya Pili na Sauti ya Baba

Ndugu wananchi, natangaza rasmi: leo kompyuta yangu ya mezani, inayotumia mfumo wa Linux, imepata diski ya pili, ya nje, yenye waya wake wa umeme.

Diski ni ya marehemu baba. Ina sauti yake, iliyorekodiwa kwenye harusi ya dada.

Mama akakaa karibu, anasubiri kuisikia.

Nikaandika amri. Diski haionekani. Nikaandika nyingine. Kimya.

Kelele za Kariakoo zikafifia dirishani. Nikawa kama naota: baba anakohoa kabla ya kusalimia wageni, kama kawaida yake.

"Mama, nadhani imekufa."

"Ile yenye waya mweusi? Niliizima ukutani asubuhi, mwanangu. Umeme wa Luku unaisha."

(Kila nyumba ina mzimaji wake. Kwenu nani?)

Nikawasha. Ikaunguruma, ikaonekana.

Baba akakohoa. "Wageni wetu, kari..."

Luku ikaisha.