Geti la Bluu kwenye Kadi ya Alida

Athanasie alipoacha uuguzi wa hospitali mwaka 1992, wenzake walimcheka. Baada ya miaka kumi na mmoja wodini, unakwenda kupaka watoto dawa magotini? Yeye aliwaacha wacheke. Tangu vita vianze kaskazini, majeruhi walilala mpaka kwenye korido, naye alikuwa amechoka kuwafumba macho vijana wa watu. Shule moja ya mtaa wa Kagarama ilipotafuta muuguzi, aliona Mungu amemkumbuka.

Kumbe shule nayo ina vituko vyake. Daktari wa kuita hakuna. Kulikuwa na kabati moja lenye aspirini, bandeji na dawa ya zambarau ya vidonda, na mkuu wa shule, Bwana Gasana, aliukumbatia ufunguo wake utadhani humo mna dhahabu. Wodini mgonjwa alilala akatulia. Huku mgonjwa alikuwa anaruka kamba kabla dawa haijamkauka. Siku ya mtihani wa hesabu ndipo nusu ya darasa ilipoumwa tumbo.

Lakini mazoea yana taabu. Hospitalini hakuna mgonjwa asiye na kadi, basi Athanasie akamwandikia kadi kila mtoto: jina, umri, maradhi, wazazi, nyumba ilipo. Kwa kuwa kadi za hospitali zilikuwa na mstari wa kabila, kama vitambulisho vyote vya nchi, naye akauweka. Mhutu, Mtutsi, akaandika bila kuwaza, kwa mwandiko wake safi aliojivunia. Aliwafundisha watoto kwamba mtu akihama, au chochote kikibadilika nyumbani, aje aseme, kadi irekebishwe.

Na zilisaidia, tusimnyime haki yake. Alida, msichana wa miaka tisa mwenye pumu, alipobanwa na kifua uwanjani, kadi ilisema wazi: nyuma ya duka la Maneno, geti la bluu. Mama yake, Mukabalisa, muuza vitenge wa sokoni Muhima, siku hiyo alikuwa nyumbani, akaja mbio na dawa. Tangu hapo Athanasie alizipenda kadi zake kupita kiasi.

Februari 1994 walikuja wanaume wawili na barua, wakasema wanaandaa chanjo. Gasana akawafungulia kabati la dawa, zilimokaa kadi. Athanasie aliporudi kutoka darasani alikuta kadi zimetapakaa mezani. Akaziokota moja moja, akiusoma mstari wa kabila. Zilizobaki zote zilikuwa za Wahutu; ya Alida haikuwemo. Chanjo gani hiyo inayochagua kabila?

Alimuuliza Gasana kwa nini amezitoa. Akajibiwa kwamba barua ilikuwa na muhuri, na yeye ana watoto. Akaenda ofisi iliyotajwa kwenye barua, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, akaambiwa hakuna anayezijua kadi hizo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Athanasie hakumtafuta wa kumpa pole. Alitaka kadi zake tu, na hakuna aliyempa.

Jumamosi akaenda nyuma ya duka la Maneno.

"Mama Alida, kadi zimechukuliwa, na ni mimi niliyewaandika," alisema. "Mpaka rangi ya geti."

Mukabalisa akamvutia kigoda.

"Muganga," akasema, kama wote walivyomwita muuguzi wa shule, "majirani walijua zamani sisi ni nani. Sasa tutaenda wapi? Barabara yote iko bariyeri, kila kona wanauliza kitambulisho."

Ingekuwa afadhali angemtukana. Athanasie alilia pale kigodani, mtu mzima, na aliyetendewa ndiye akambembeleza. Hakuwa na gari, wala ndugu mwenye cheo, wala mahali pa kumficha mtu. Akanunua rangi ya kijani kwa Maneno, kwa kuwa hakuona lingine la kufanya, na wote watatu wakapaka geti mpaka mchana. Rangi ilikuwa nyepesi. Bluu ilichungulia kila mahali. Wapita njia waliwasalimu, wakasifu geti jipya la mama Alida.

Alida alifurahi kuliko wote. Athanasie alipokuwa ananawa mikono, mtoto alimsogelea, akakumbuka alivyofundishwa shuleni.

"Muganga, geti letu limebadilika. Utaandika lini kwenye kadi yangu?"