Mama Keekee Aachana na Keekee

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mguu wa kulia wa daktari wa meno unapapasa sakafu chini ya kiti cha wagonjwa. Unatafuta pedali ya keekee, ile mashine ya kutobolea meno, ambayo leo imefunikwa taulo na kusogezwa pembeni.

"Mguu huu hauna adabu," anasema, akiurudisha. "Miaka ishirini na sita umezoea kukanyaga."

Mgonjwa wake wa kwanza ana miaka sita na gego lenye tundu. Ni mjukuu wake. Mama wa mtoto, ambaye ni binti wa daktari, amesimama mlangoni na mkoba begani, hataki kuingia wala kukaa.

"Mama, tumekubaliana," anamkumbusha. "Akilia tu, tunaondoka. Na haturudi."

Ana sababu. Alipokuwa na miaka saba, mama yake huyuhuyu alimtoboa jino kwenye kiti hikihiki huku muuguzi akimshika mabega. Tangu siku hiyo hajafungua kinywa mbele ya daktari yeyote wa meno. Mtaani nako watoto walimbandika daktari jina la Mama Keekee, na mtoto mtukutu akitishiwa kupelekwa kwake, hutulia papo hapo.

"Jina hilo linaniuma mpaka leo," anakiri. "Nilikuwa naijua kazi. Basi, nilidhani naijua."

Miaka miwili iliyopita, kwenye semina, aligundua haijui. Wakufunzi waligawa maswali ishirini kuhusu kutibu meno ya watoto yaliyooza bila kuyatoboa ovyo. Alimaliza wa kwanza, akakunja mikono kusubiri sifa. Alipata tisa.

"Tisa! Mimi, niliyefundisha nusu ya watu waliokuwa mle ukumbini!" Anacheka hadi barakoa inamshuka. Karatasi ile ameibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila akifuata glavu wanatazamana.

Kilichomwangusha zaidi ni uozo wenyewe. Alifundishwa kuukwangua wote, jino libaki jeupe pe. Kumbe jino la mtoto ambalo halijaanza kuuma, mara nyingi hutosha kuondolewa sehemu laini kwa kijiko kidogo cha mkono, kisha tundu likazibwa barabara. Kinachobaki chini hukosa chakula, kikatulia.

"Mwanzoni niliona ni uvivu uliovaa koti jeupe," anasema. "Sasa, kati ya watoto kumi, keekee naiwasha kwa wawili."

Leo anampa mjukuu kioo ashike, ajionee mwenyewe. Kijiko kinakwangua polepole. Kinachosikika ni feni tu. Mlangoni, binti yake ameng'ang'ania mkanda wa mkoba. Daktari, ambaye mikono yake imepita vinywani mwa maelfu, anatokwa jasho puani. Anaogopa, na hata mwandishi wa makala haya amebana pumzi.

Dawa ya kuziba inakandamizwa kwa kidole.

"Bibi, utaanza saa ngapi?" mtoto anauliza.

"Nimemaliza, mjukuu wangu."

"Uongo!" Anajikagua kwenye kioo, kisha anateremka mbio kwenda kumwonyesha mama yake.

Mwezi ujao daktari ataanza kuwafundisha wenzake wa vituo vya jirani, na kazi ya kwanza itakuwa kuwagawia maswali yaleyale ishirini. "Wapo watakaopata saba," anasema kwa raha isiyofichika. Jina la Mama Keekee anatumaini litajifia lenyewe.

Anapogeuka, binti yake yuko ndani. Mkoba ameuweka chini.

"Mama, na mimi ninalo moja. Mwaka wa tatu sasa."

Daktari hagusi chombo chochote. "Lako la mtu mzima, mwanangu. Huenda likahitaji keekee."

Binti anakitazama kiti, kisha pedali. "Siku ile ulikanyaga tu. Hukuniambia."

"Sikukuambia. Nisamehe."

"Na leo?"

"Leo sikanyagi mpaka useme wewe."

Binti anavua viatu, anapanda kitini.