Kamanda Alisema Asiguswe

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mikono mitupu na sajini wa polisi. Nalisema hili mapema, kwa sababu vijana wanaosomea sheria huja kwangu hapa Bariadi wakidhani Meja mstaafu Kabula alizaliwa na majibu mdomoni.

Nilikuwa Luteni mpya, shahada ya sheria imo kwenye bahasha, nyota za begani bado zinang'aa. Mkuu wa brigedi, Brigedia mmoja mfupi aliyependa karanga kuliko chakula, alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha akanionyesha dirishani. Lori la polisi lilikuwa limeharibika barabarani, mkabala na lango letu. Akaniambia niende nikawaamuru waliondoe. Nikatoka kwa mwendo wa gwaride. Sajini wa polisi akanipigia saluti safi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu zote, "Kwa mamlaka gani, afande?"

Nyota zangu zilikuwa za kweli, lakini yeye hakuwa askari wa jeshi letu, na barabara ile haikuwa mali ya kambi. Niliporudi ofisini nilimkuta Brigedia anacheka mpaka machozi, maganda ya karanga yametapakaa mezani. Alikuwa ameyaona yote dirishani.

"Umesikia swali lake?" akaniambia. "Kuanzia leo hiyo ndiyo kazi yako. Kila nikitaka kutoa amri, niulize. Siku ukiona aibu kuniuliza, nitakurudisha kwenu Shishiyu ukachunge."

Nikamwuliza miaka yote niliyokaa chini yake, na maofisa wenzangu wakanibandika jina la Mamlaka Gani. Mwanzoni liliniuma. Baadaye nililizoea, na sasa wakinipigia simu wakiniita Meja nahisi wamenikasirikia.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Ofisa sheria hakai kwenye mnyororo wa amri, yaani ile ngazi ya wakubwa ambayo amri hushuka kutoka mmoja hadi mwingine. Anakaa pembeni ya mkubwa. Anashauri, haamuru. Anaweza kuwa na cheo kikubwa kuliko wote chumbani na bado asiwe na uwezo wa kumtuma askari mmoja kuchota maji.

Operesheni ya pamoja ndiyo inayowachanganya wengi, pale vyombo viwili au vitatu vinapofanya kazi moja. Vijana wakiniuliza, huwaambia habari ya ng'ombe wa plau. Jirani akikuazima ng'ombe wake, utalima nao, utawapumzisha, utachagua shamba la kuanzia. Huruhusiwi kuwachinja wala kuwauza, na jioni wanarudi zizini kwa mwenyewe. Askari wanaoazimwa kwa mkuu wa operesheni wako hivyo hivyo. Yeye anawaelekeza katika kazi iliyoandikwa, lakini cheo chao, adhabu yao na likizo yao hubaki kwa mkuu wao wa kwao. Hiyo tunaiita udhibiti wa operesheni, na amri kamili ni kitu kingine. Tena kwetu, kazi ikiwa ni ya kulinda raia na mali zao, jeshi halijiingizi lenyewe. Mamlaka ya kiraia ndiyo huomba, na huomba kwa kazi maalumu.

Niliyajua hayo darasani, nikayaona kwa macho nilipopelekwa nje ya nchi kwenye kikosi cha ulinzi wa amani. Mkuu wetu huko alikuwa Jenerali wa nchi nyingine, mtu mpole, na kila asubuhi alizunguka meza akiuliza kila taifa limeruhusiwa nini na serikali yake. Hawa wanaweza kulinda daraja lakini hawavuki. Wale wanavuka lakini mchana tu. Siku moja akaniambia kwamba anaongoza jeshi kama mama mwenye wakwe saba. Nilimpenda yule mzee. Alikuwa na subira ambayo sikuikuta tena mpaka niliporudi nyumbani, na huku niliikuta mahali ambapo sikuitarajia.

Nilirudi nikiwa Meja, na kabla sijapumzika nikaitwa Simiyu. Wezi wenye silaha walikuwa wanachukua mifugo pembezoni mwa Meatu na kupotelea porini. Kamati ya usalama iliomba jeshi lisaidie, kiongozi wa operesheni akiwa ofisa wa polisi. Jeshi lilitoa kombania moja chini ya Kanali mmoja mkali wa macho na laini wa moyo, na mimi nikawa mshauri wake. Chombo cha tatu kilikuwa sungusungu, na hapo wasomaji wa pwani wanivumilie kidogo.

Sungusungu kwetu Usukumani ni jeshi la jadi. Wana viongozi wao na viapo vyao, na wana mwano, yaani yowe la hatari, ambalo ukilisikia unatoka mbio hata kama umeshika tonge. Sheria inawatambua. Wanaweza kumkamata mtu na kumfikisha kwenye vyombo vinavyohusika, basi. Kuhukumu si kazi yao. Na anayewaongoza msakoni, tangu zamani, huitwa kamanda.

Kamanda wa sungusungu wa Lingeka, kijiji tulichopiga kambi, alikuwa Mzee Ng'wandu, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa utosini. Makao yetu yalikuwa shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo, naye alikuja kila siku kukaa barazani na chai yake na simu yake ya kitochi. Alinisalimia kwa Kisukuma, nikamwitikia, na tangu hapo akaniita mayu, yaani mama, ingawa angeweza kunizaa.

Amri ya operesheni ilikuwa imeandaliwa mkoani na watu makini. Nimeisoma mara nyingi tangu siku zile na bado naona ni kazi nzuri, isipokuwa sentensi moja iliyosema vikosi vyote vitatii maelekezo ya Kamanda. Waliokaa mezani walikuwa wanamtazama kamanda mmoja tu, yule wa polisi, kwa hiyo hakuna aliyeona shida. Kanali hakuiona, na hata mimi mwenyewe, Msukuma wa Shishiyu, niliisoma nikapita.

Ilikuwa alasiri. Kiongozi wa operesheni na Kanali walikuwa njiani, kwenye bonde lisilopata mawasiliano. Redio ikaita. Alikuwa Luteni Mbwana, kijana wa Tanga, mtiifu kupita kiasi. Akaripoti kwamba amekuta vijana wa sungusungu wamemzingira mtu kando ya mto mkavu, pamoja na ng'ombe wenye alama za masikio za zizi lililoibiwa. Mtu huyo, jina lake Shija, alipokimbia alianguka juu ya panga lake mwenyewe. Paja limekatika na damu inatoka nyingi. Nikamwuliza kama koplo wa tiba ameshaifunga.

"Hapana, Meja. Kamanda amesema asiguswe."

"Kamanda yupi?"

"Kamanda mwenyewe, afande. Amewapigia simu vijana hapa. Na amri yetu inasema tumtii."

Niliiona picha nzima bila kuwepo: vijana wamesimama duara na fimbo zao, askari wetu nje ya duara, koplo ameshafungua mfuko wa dawa, na katikati mtu anamaliza damu mchangani huku watu wazima wote wanatii. Hakuna aliyekuwa anafanya ubaya. Ndiyo maana niliogopa.

Nikageuka barazani. Mzee Ng'wandu alikuwa anapuliza chai.

"Bhabha, umewaambia nini vijana wako?"

"Nimewaambia huyo mwizi asiguswe," akasema, ametulia. "Nawajua wale. Wakianza kumpiga mtu hawajui kuacha. Namtaka afike polisi mzima."

Nikamweleza kwamba Shija amejikata, anavuja damu, na koplo wa tiba hamkaribii kwa sababu ya neno lake. Kikombe kikamponyoka.

"Gashi!" akasema. Kumbe. "Hata dawa?"

Nikarudi kwenye redio. Nilimwambia Luteni kwamba simwamuru, ila namshauri: majeruhi hatibiwi kwa ruhusa ya kamanda yeyote, hilo sheria ilishaliamuru kabla yetu sote, awe mwizi awe malaika. Akanijibu kwamba ameelewa, lakini vijana wamefunga duara. Wameapa kumtii kamanda wao, na askari wakisukuma, fimbo zitanyanyuka. Ana bunduki mikononi na raia mbele yake, na hataki siku hiyo iishie hapo. Nilimpenda kijana yule kwa neno hilo.

Mzee akapiga simu ya vijana wake. Haikupatikana; Luteni akasema mwenye simu alipanda kilimani kwenye mtandao kumpa mzee taarifa, akawapazia wenzake sauti ya jibu, na sasa bado anashuka. Nikamtazama mzee, nikaitazama redio. Mtu wa mawasiliano akanitazama mimi, maana raia kushika redio ya jeshi katikati ya operesheni ni jambo ambalo vitabu vyangu vyote vilikuwa na la kusema juu yake.

Nikamkabidhi. Aliishika kichwa chini miguu juu, nikamgeuzia. Nikamwambia Luteni ainyanyue ya kwake vijana wasikie. Mzee akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo nadhani wangeisikia hata bila redio:

"Ni mimi. Nilisema asiguswe kwa fimbo. Kwa dawa aguswe. Mpisheni huyo mwenye mfuko."

Kisha tukangoja. Mzee alisimama na kofia yake mkononi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mvi kichwa kizima. Midomo yake ilikuwa inacheza. Luteni aliporudi hewani sauti yake ilikuwa imebadilika: duara limefunguka, koplo amefunga mshipa, mtu anapumua, wanampakia garini. Mzee akakaa chini sakafuni, pale pale chai ilipomwagika, akasema wabeja, asante, sijui kwangu, sijui kwa Mungu. Mimi nilienda nyuma ya darasa nikalia. Meja huwa analia, vijana, msidanganywe.

Kanali aliporudi aliniita pembeni na kuniuliza swali langu mwenyewe: kwa mamlaka gani raia ameshika redio na kuwaamuru askari wake?

"Hakuwaamuru askari wako, afande," nikamjibu. "Ametengua amri yake mwenyewe. Mfunga fundo ndiye aliyelifungua."

Kisha akaenda barazani, akamwagizia mzee chai nyingine.

Jioni ile tulikaa kuirekebisha sentensi. Kiongozi wa operesheni alipendekeza kiungwana kwamba Mzee Ng'wandu aitwe mratibu, ili kamanda abaki mmoja. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema yeye alikuwa kamanda kabla Kanali hajaota ndevu, na kama serikali imelipenda jina hilo hana kinyongo, lakini hawezi kulivua. Kanali akaanza kucheka, sote tukamfuata. Amri ikaandikwa upya: ofisa wa polisi akawa Mkuu wa Operesheni, na kamanda akabaki mmoja tu, mzee mwenye kofia ya sufu. Yule ofisa alikubali bila kununa, na wezi wenyewe tuliwapata kabla mvua hazijaanza.

Shija alipona, mguu mmoja ukabaki mfupi. Mahakama ilimwachia huru. Alikuwa kibarua aliyeambiwa awapeleke ng'ombe mnadani, na hakujua ni wa nani. Kwa mguu ule hakuna aliyetaka kumpa kibarua tena, isipokuwa Mzee Ng'wandu, aliyempa sehemu ya shamba la pamba na mahali pa kujenga.

Nimestaafu sasa. Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji, msimu wa pamba malori hupita hapa mpaka madirisha yanatetemeka, na bodaboda wote wa kona ile wananijua kwa lile jina la utani, sijui nani aliwaambia. Vijana wakija huwafundisha kwamba neno la amri ni kama ng'ombe wa kuazimwa, uangalie limeingia zizi la nani. Wanaandika. Wengine wanaona namsifia sana mzee ambaye sheria hakuisoma. Siwabishii. Nilimpenda, na kupenda hakuhitaji kifungu.

Mwaka huu Mzee Ng'wandu alifariki, nikaenda Lingeka kumzika. Kanali, naye mstaafu, alikuja na fimbo ya kutembelea. Wakati wa kumshusha kaburini, wanaume wa ukoo walishuka ndani kuupokea mwili, kama ilivyo desturi. Shija akachechemea kutoka nyuma ya watu, akavua viatu, akaanza kushuka nao. Mpwa wa marehemu, anayefanya kazi ofisini huku mjini, akamshika bega na kumwuliza kwa sauti ya chini anaingia humo kwa ruhusa ya nani. Hii ni kazi ya ukoo, akasema.

Watu wakanigeukia mimi, mama wa sheria. Kabla sijasogea, Shija akamjibu mwenyewe, bila kupandisha sauti.

"Kamanda alisema mimi nisiguswe. Hakusema mimi nisimguse."

Mpwa akaondoa mkono. Shija akashuka, akapokea upande wa kichwa. Kanali alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna kati yetu aliyeuliza kwa mamlaka gani.