Velkro Kwenye Blauzi Nyeupe

Shosho alirudi kutoka hospitalini na kifaa cha kushikilia kiganja, cha kitambaa kigumu cheusi, kinachofungwa kwa velkro. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea tangu apatwe na kiharusi, na daktari alitaka ukae umenyooka. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimekodi chumba mjini, mtaa wa Free Area, huku nikitafuta kazi, na kwa jamaa zangu wote ilikuwa wazi kwamba mtu asiye na kazi ndiye wa kwenda Subukia kumtunza nyanya yake. Hakuna aliyeniuliza. Nilikubali, kisha nikakaa siku nyingi nikijiuliza kwa nini hakuna aliyeniuliza.

Kazi iliyonitisha zaidi ilikuwa kumvisha. Kila asubuhi nilimfunga vifungo vya nguo, na kila asubuhi alitazama dirishani mpaka nimalize. Nilidhani vidole vyangu ni baridi, nikawa navipasha moto jikoni kwanza. Halafu nikadhani ninachelewa sana, nikaharakisha. Aliendelea kutazama dirishani.

Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Siku moja akina mama wa kikundi chake walikuja kumwona, wakaleta unga na ndizi, wakaomba, wakamuuliza watamwona lini. Akawaambia baridi imezidi. Walipoondoka nilianza kupanga jinsi ya kumpata mtu wa pikipiki mwenye mwendo wa pole, kwa sababu niliamini shida ilikuwa miguu.

"Si miguu," Shosho alisema nilipomtajia mpango huo. "Siwezi kwenda kanisani nikiwa nimevalishwa kama mtoto. Siku nitakayovaa mwenyewe, nitaenda."

Yunifomu ya kikundi ni blauzi nyeupe yenye vifungo vidogo vyeupe kutoka shingoni hadi kiunoni. Nilijaribu kuvifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto peke yake, mlango ukiwa umefungwa ili asinione. Nilishindwa na kile cha kwanza.

Wazo lilitoka kwa kile kifaa chake. Alikuwa na tabia ya kukaa kwenye baraza akikifungua na kukifunga kwa mkono wa kushoto, krrr, anabandika, krrr, anabandika, kama mtu anayecheza na redio. Hakuhitaji hata kuangalia. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo wiki kadhaa ikinikera kabla ya kuelewa nilichokuwa nikisikia.

Nilimweleza: velkro ndani, ambapo haionekani. Vifungo vinabaki juu, vimeshonwa kama mapambo, na matundu yake yanazibwa. Kikundi kina masharti yake kuhusu yunifomu na sikutaka mwenyekiti wao aone tofauti yoyote. Shosho alisikiliza, akasema mwenyekiti ana macho mabovu kuliko yake, lakini nijaribu.

Velkro niliinunua mjini, Bondeni, kwa mama mmoja anayeuza uzi, zipu na mipira ya sketi kwenye duka jembamba kama korido. Aliniuliza kama ni ya viatu au ya nguo. Nikamwambia ni ya blauzi ya kanisani, na kama ipo isiyotoa sauti ningependa hiyo.

"Ya kunyamaza bado hawajaleta," alisema huku akipima. "Kwani sauti ina shida gani?"

Nikamweleza kuhusu maombi ya kimya. Kanisani kwetu kuna dakika za kuomba kimyakimya, na nilikuwa nimeshaona akilini watu wote wakigeuka.

Aliacha kupima, akaniangalia. "Mrembo, kwani shosho yako atavua nguo katikati ya maombi?"

Nililipa nikaondoka. Nilikuwa nimebeba wasiwasi huo siku nyingi, na haukuwa na hata mguu mmoja wa kusimamia.

Nilishona kwa mkono. Velkro ina pande mbili, mmoja wenye vindoano vidogo vigumu na mwingine laini wenye manyoya, na nilifikiri sana upande upi ukae wapi. Niliona vindoano vikitazama nje vingeweza kunasa ncha za kitambaa chake cha kichwa wakati wa kuvaa. Kwa hiyo nikavishona chini ya upande wa juu wa blauzi, ule unaolala juu ya mwenzake, vitazame ndani. Niliridhika sana na hesabu hiyo.

Jumamosi asubuhi Shosho aliingia chumbani kujaribu, akafunga mlango. Nikabaki nje. Nilisikia krrr, kisha krrr nyingine fupi, kisha kimya kilichozidi.

"Nimekwama," alisema.

Nilimkuta blauzi imemganda kifuani, upande mmoja juu, mwingine chini, na mkono wake wa kushoto umechoka kuvuta. Vindoano vilikuwa vimeshika sweta. Huku kwetu yunifomu haifunikwi, hata baridi iwe kali namna gani, kwa hiyo akina mama wote wa kikundi huvaa sweta ya sufu ndani, chini ya blauzi. Nimewaona hivyo tangu utotoni, vifua vimejaa kuliko kawaida. Nilikuwa nimefikiria kitambaa cha kichwa, mwenyekiti na kanisa zima. Sweta sikuifikiria.

Nilianza kumbandua polepole, nyuzi nyekundu zikitoka na vindoano. Alitazama dirishani.

"Rudisha vifungo," alisema.

Nilitoka na blauzi hadi kwenye baraza, nikaanza kuchokoa sufu kutoka kwenye vindoano kwa sindano. Kazi hiyo haikuacha nafasi ya mawazo mengine. Nilipomaliza sikurudisha vifungo. Nilifumua kila kitu, nikabadilisha: ule laini ukakaa chini ya upande wa juu, vindoano vikakaa kwenye upande wa chini, vikitazama nje. Sasa kilichogusa sweta kilikuwa kitambaa kitupu na manyoya. Kitambaa cha kichwa angekifunga mwisho, blauzi ikiwa imeshafungwa. Jambo hilo lilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo.

Jumapili nilimtandikia blauzi kitandani. Aliigeuza, akaona velkro bado ipo, akanitazama.

"Sasa toka," alisema. "Acha kuniangalia kama maziwa jikoni."

Nilienda jikoni, na huko kulikuwa na maziwa kweli, nimeyaweka motoni kwa ajili ya chai. Nikasimama mbele ya sufuria nikiwa nimegeuzia sikio upande wa chumba. Kulikuwa na kimya, kisha krrr. Kimya tena, krrr nyingine, ndefu, kama ya kufungua yote na kuanza upya. Nilijua hatua ngapi zipo kati ya jikoni na mlango wake, na sikupiga hata moja. Krrr ya tatu ilikuwa fupi. Baada ya hapo sikusikia chochote, ila kitanda kikilia na viatu vikitafutwa.

Maziwa yalimwagika yote, yakazima moto.

Shosho alitokea mlangoni akiwa amevaa. Vifungo vilikuwa vimesimama kwenye mstari wao, sweta imejaa ndani, kola imeinama kidogo upande wa kushoto. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekishika mkononi. Alinusa ile harufu ya maziwa yaliyoungua.

"Na ulikuwa ukiangalia nini?" aliuliza.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka kuelekea kwenye kola. Niliurudisha mfukoni. Yeye alininyooshea kitambaa.

"Hiki nifunge wewe," alisema, akainamisha kichwa.