Mayai kwa Mafuta ya Upako

Mdogo wangu wa kiume alikaanga mayai kwa mafuta ya upako, akajirekodi akiyala, akairusha video mtandaoni siku ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo saluni yangu hapa Albert Park, Sauzi, hujaa akina mama wa kanisa. Angetaka kunifilisi, asingepata siku bora.

Mke wa mchungaji wetu alikuwa kwenye kiti changu, upande wa kushoto umeshasukwa, wa kulia umesimama kama ulivyoamka. Simu yake ikalia. Akaitazama video mpaka mwisho, hata pale mdogo wangu anapolamba vidole.

"Ile chupa iko ya nani?" akauliza.

"Yangu, Mama Pasteur. Ni ile ulituleteaka."

Hakuinuka. Hakuna mwanamke anayetoka saluni na nusu kichwa, hata awe na hasira ya Musa. Nami nikaendelea kusuka. Wateja wangu karibu wote hutoka kwake. Akisema neno moja kanisani kesho, nafunga duka.

Mara mdogo wangu akaingia kuchukua funguo za nyumba. Anasoma chuo kule Westville, na tangu aanze somo la sheria haombi hata chumvi bila kutaja katiba.

"Mama Pasteur, nilifanya makusudi," akasema kabla hajaulizwa. "Hapa Sauzi iko liberté, uhuru, mutu anaweza kucheka dini. Mungu mwenyewe hajalalamika. Sasa yaya, dada yangu huyu, ananuna ya nini?"

Sikuwa nimenuna. Niliumia. Mwaka jana mapafu yalipomlaza hospitali, nilimpaka yale mafuta kifuani kila jioni, naye alitulia tuli. Madaktari walikuwa na vidonge. Mimi sikuwa na kingine cha kumpa.

"Mungu hakukesha na weye kule hospitali," nikamwambia. "Nilikesha miye."

Nilikuwa nimeshasema ndipo nikakumbuka nani amekaa mbele yangu. Mayai yalionekana kitu kidogo sasa.

Mama Pasteur alinitazama kwenye kioo.

"Huku kulia usivute sana," akasema. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Na weye, weka funguo. Kaa hapa, mutenganishie yaya yako rasta."

Akakaa. Alizitenganisha mpaka jioni, na katiba hakuitaja.